Uvimbe Kwenye Tairi la Ndani

Dereva wa gari la maji alikaa peke yake katika chumba kimoja. Ndani kulikuwa na kitanda, jiko la mafuta na viti viwili. Kiti kimoja alikikalia. Cha pili alikiwekea nguo zilizofuliwa, kwa kuwa hakuna mgeni aliyekuja kukikalia. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Hata hivyo, kila alfajiri mkono wake ulipima maji ya chai ya vikombe viwili. Kimoja alikunywa. Kingine alikiacha kikapoa.

Baada ya chai alikwenda uani kwa tajiri wake kuchukua gari. Lilikuwa lori lenye tangi kubwa la bluu. Tajiri huyo alikuwa na magari matatu kama hilo. Dereva alijaza tangi kwenye kisima cha mashine, kisha akapanda hadi mtaa wa juu, ambako mabomba yalikuwa makavu tangu mwaka jana.

"Maji! Maji yamekuja!" watoto walipiga kelele.

Watu walitoka mbio na ndoo na madumu. Macho yao yote yalikuwa kwenye koki. Walimwita Mzee Maji. "Mzee Maji, fungua!" "Mzee Maji, leo umetuchelewesha!" Alifungua. Ndoo zilijaa. Maji yalipokwisha, watu nao walikwisha. Alifunga koki, akapanda gari, akarudi kujaza tena.

Siku za Jumapili binti yake alipiga simu kutoka mji mwingine.

"Baba, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

"Kazi inakwendaje?"

"Vizuri tu."

"Hakuna tatizo?"

"Hakuna."

Lakini tatizo lilikuwapo. Wiki tatu nyuma, gurudumu la nyuma lilitumbukia kwenye shimo. Shimoni mlikuwa na jiwe kali. Dereva alisikia kishindo, akashuka, akalala chini atazame. Katika lori, matairi ya nyuma hukaa mawili mawili, moja nje na moja ndani. La nje lilikuwa zima. La ndani lilikuwa limevimba ubavuni. Uvimbe ulikuwa mdogo kama yai.

Zamani angemwambia mkewe jioni hiyo hiyo. Mkewe hakujua kuendesha hata baiskeli, lakini angesema, "Kesho, kabla hujawasha gari, mwambie tajiri." Naye angemwambia. Sasa jioni ilifika, akakaa kwenye kiti chake, hakuna aliyemuuliza siku ilikuwaje. Kesho yake neno likawa zito zaidi. Aliogopa pia tajiri asije kusema, "Mzee, macho yamechoka. Mashimo huyaoni." Bila kazi hiyo, siku nzima angeshinda na nani?

Akanyamaza. Alipunguza upepo kidogo kwenye tairi lile, akidhani analipumzisha. Wiki ya pili uvimbe ukawa kama ngumi. Wiki ya tatu aliacha kuutazama.

Siku ya Alhamisi jua lilikuwa kali. Foleni ya maji ilikuwa ndefu. Watu walijipanga kando ya gari ili wapate kivuli chake. Watoto wawili walikuwa wametambaa hadi chini ya tangi, karibu na magurudumu ya nyuma. Walikaa juu ya ndoo zao wakicheza kwa vijiwe.

Katika foleni alikuwamo mwanamke mmoja mwenye mikono mipana, fundi wa matairi ya magari makubwa. Watu walimwita Mama Matairi. Karakana yake ilikuwa mwisho wa mtaa. Siku hiyo kifuniko cha dumu lake kilimponyoka, kikabingirika hadi chini ya gari. Aliinama kukitafuta. Hakukiokota. Aliwakamata wale watoto wawili, mmoja kwa kila mkono, akawavuta nje.

"Tokeni hapa!" alipaza sauti. "Wote! Vukeni barabara! Ndoo ziacheni!"

"Ala! Anataka kutupita foleni huyu," alisema mwanamume mmoja.

"Nitakuwa wa mwisho! Mtaniachia matone! Lakini tokeni!"

Watu walisogea wakinung'unika. Mama wa mmoja wa wale watoto alimshika mwanawe na kuuliza kuna nini. Mama Matairi alikuwa akimpungia mkono dereva, aliyesimama kwenye koki nyuma ya gari.

"Mzee, funga koki! Njoo huku! Pita mbali na magurudumu!"

Dereva alifunga, akaja polepole. Alijua yule fundi ameona nini. Alikuwa hajamaliza kuvuka barabara tairi lilipopasuka.

Kishindo kile kilitikisa mabati ya nyumba. Vumbi na mawe vilitoka chini ya gari kwa nguvu. Ndoo za foleni ziliruka. Moja ilipasuka vipande viwili. Kisha kukawa kimya, na ndani ya kile kimya mtoto mchanga akaanza kulia.

Hakuna aliyeumia. Watu walitazamana, wakawatazama wale watoto wawili. Kisha yule mama aliyemshika mwanawe akamgeukia dereva.

"Mzee Maji," alisema kwa sauti ndogo. "Ulikuwa unajua?"

Angeweza kusema hapana. Nani angebisha?

"Nilijua," alisema. "Wiki tatu sasa."

Yule mama hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alimshika mwanawe mkono, akaenda zake. Wengine wakaokota ndoo zao, mmoja mmoja, wakaingia majumbani. Milango ikafungwa. Barabarani wakabaki watu wawili.

Dereva alikaa kwenye jiwe.

"Mpigie simu tajiri wako," alisema Mama Matairi.

"Atanifukuza."

"Labda. Piga."

Akapiga. "Tajiri, tairi la nyuma limepasuka. La ndani. Na... nilijua kwamba ni bovu."

"Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna."

"Mungu mkubwa. Kwa nini hukuniambia?"

"Sikumwambia mtu yeyote," dereva alisema. Hilo ndilo jibu alilokuwa nalo.

Mama Matairi aliichukua simu. "Tajiri, habari za saa hizi? Mimi ni fundi. Leta tairi jipya. Tazama namba za ukubwa kwenye ubavu, zilingane na la zamani. Lisiwe lililokaa ghalani miaka kumi. Ubavuni kuna namba nne za tarehe. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Soma kabla hujalipa. Gari tusilisogeze. Ndiyo. Tunakungoja."

Akamrudishia dereva simu, akakaa naye kwenye jiwe.

"Hatugusi kitu kwanza," alisema. "Lile pacha lake la nje sasa limebeba mzigo wa wawili. Lina joto. Tuliache lipoe."

Walipokuwa wakingoja, dereva aliuliza, "Ningekuletea mapema, ungelitia kiraka?"

"Hapana. Sikiliza, mzee wangu. Ndani ya mpira wa tairi kuna nyuzi, nyingine za chuma. Nyuzi ndizo zinazoushika upepo. Mpira unaouona ni ngozi tu. Jiwe likikata nyuzi ubavuni, upepo unasukuma ngozi. Ndipo unaona uvimbe. Msumari ukitoboa pale tairi linapokanyaga barabara, tunaziba. Ubavuni hatuzibi. Uvimbe hauna dawa. Tairi linatolewa siku hiyo hiyo."

"Nilipunguza upepo ili lisichoke."

Mama Matairi alifumba macho. "Hapo ndipo ulipolimaliza. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka. Likijikunja linapata joto. Joto linakata nyuzi zilizobaki."

"Sikujua hilo."

"Hilo hukujua. Lakini uvimbe uliujua. Kwa nini ulinyamaza?"

Dereva alitazama milango iliyofungwa. "Nyumbani hakuna wa kumwambia," alisema. "Mtu akikaa muda mrefu bila kuzungumza, hata neno la lazima linakwama kooni."

Mama Matairi hakucheka, wala hakumpa pole. "Mficha maradhi kilio humfichua," alisema. "Karakana yangu iko mita mia mbili kutoka hapa. Unapita kila siku. Ungepiga honi tu."

Tairi lilipopoa, walivuta mpira mrefu wa maji kutoka kwenye koki hadi shuleni, ng'ambo ya barabara, wakajaza mapipa ya shule mpaka tangi likabaki tupu. "Gari lenye mzigo haliinuliwi kwa jeki," alisema fundi. Tajiri akafika na tairi jipya. Alimtazama dereva wake, akatazama ndoo iliyopasuka, akavua shati la kazini akabaki na fulana.

"Niambieni nishike wapi," alisema.

Waliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu mengine ili gari lisitembee. Mama Matairi alitoa pini ya vali, pale pa kujazia upepo, ya lile tairi la nje, upepo ukatoka wote.

"Mbona unalitoa upepo? Hilo ni zima," tajiri aliuliza.

"Ni zima kwa nje. Limebeba mzigo mkubwa, na huenda limeumia ndani. Ukifungua nati likiwa limejaa, linaweza kukurukia. Toa upepo kwanza, nati baadaye."

Alilegeza nati kidogo gurudumu likiwa bado chini. Kisha jeki ikawekwa juu ya ubao mnene, gari likainuka, wakaliegemeza kwenye vyuma vya kushikilia. Hakuna aliyeingia chini likiwa kwenye jeki peke yake. Matairi yote mawili yalipelekwa karakana. Mama Matairi alilichunguza lile la nje kwa tochi, ndani na nje, akasema linafaa. Alilinganisha urefu wake na wa lile jipya. Matairi mawili yanayokaa pamoja yasipolingana, moja hubeba mzigo wote. Kisha akalivisha lile jipya kwenye chuma cha gurudumu, akayaweka yote mawili ndani ya kizimba cha chuma, moja baada ya jingine, akajaza upepo kwa mpira mrefu wa upepo akiwa amesimama pembeni.

"Tairi la lori usilijaze umeliinamia," alisema. "Likipasuka halikupi nafasi ya kuomba samahani."

Magurudumu yaliporudishwa kwenye gari, nati zilikazwa kwa kuvuka, hii kisha ile inayoielekea, kwa spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza. "Ukimaliza kilomita hamsini, zikazwe tena," alisema. "Gurudumu lililofungwa upya hukaa vizuri baada ya kutembea kidogo."

Jua lilikuwa linashuka walipomaliza. Tajiri alijifuta mikono. "Sikufukuzi," alimwambia dereva. "Lakini kuanzia kesho, hakuna gari langu litakaloondoka uani kabla watu wawili hawajalizunguka. Mmoja macho yakimdanganya, mwenzake ataona. Mama Matairi, utatufundisha?"

Alikuja kesho yake. Madereva watatu walisimama wakamsikiliza. Aliwaonyesha kupima upepo asubuhi, tairi likiwa la baridi, kwa geji. Kupiga teke hakupimi kitu. Aliwaonyesha kumulika tairi la ndani kwa tochi, na kutoa mawe yanayokwama kati ya matairi mawili. "Uvimbe, mpasuko, waya unaoonekana," alisema. "Ukiona kimoja tu, gari linasimama."

Kwenda tena mtaa wa juu kulikuwa kugumu kuliko kazi ya jeki. Dereva alisimamisha gari, akashuka, akafunga kamba kati ya nguzo mbili, mbali na magurudumu.

"Foleni ni nyuma ya kamba hii," alisema. "Hakuna kukaa chini ya gari, hata jua likiwaka vipi. Na ile ndoo iliyopasuka, nimeleta nyingine."

Watu walijipanga. Yule mama, mwenye ile ndoo, alichukua mpya bila kumtazama, akateka maji, akaondoka. Ilikuwa hivyo siku nyingi. Mtu anaweza kusamehewa polepole sana, na wakati mwingine hakuna anayemwambia kwamba amesamehewa.

Jumapili ile binti alipopiga simu, dereva alimweleza yote. Binti alilia kwanza. Kisha akamgombeza. Alimgombeza kwa muda mrefu, sauti ikipanda na kushuka. Dereva hakuwa amegombezwa na mtu tangu mkewe afariki. Alishika simu kwa mikono miwili, akasikiliza mpaka mwisho.

Miezi ikapita. Katika ua ule walipata msumari mara mbili, na mpasuko mara moja. Kila mara tairi lilibadilishwa au kuzibwa kabla gari halijatoka. Hakuna lililopasuka tena barabarani.

Asubuhi moja ilikuwa zamu ya Mzee Maji kuzunguka gari la dereva mpya, mwanamke aliyetoka mbali na asiyezungumza sana. Mzee alilala chini, akamulika. Kwenye tairi la ndani kulikuwa na uvimbe, mdogo kama yai.

"Umeuona huu?" aliuliza.

Yule mwanamke alitazama pembeni. "Tangu jana jioni, niliporudi. Nilidhani... mimi mgeni hapa, baba. Sikutaka kuanza kazi kwa malalamiko."

Mzee Maji aliinuka, akajikung'uta vumbi magotini. Hakumkaripia.

"Leo huondoki," alisema. "Mpigie tajiri. Mama Matairi atafika saa nne." Kisha akavuta masanduku mawili matupu ya mbao, akayaweka kivulini, mbali na gari. "Gari langu limeshakaguliwa, lakini linaweza kungoja kidogo. Kaa. Tutamsubiri wote wawili."