Nilimuua Kukhu kwa WhatsApp Ili Niende Tamasha

Nyanya yangu nilimuua mwenyewe. Ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, kwa WhatsApp.

Ngoja kwanza... usinitukane kabla hujafika mwisho. Ukifika, nitukane vizuri.

Naitwa Gentrix. Nasuka nywele saluni moja hapa Kakamega mjini. Kwetu ni Kabras, huko ndani kwa miwa, na aliyenilea ni Kukhu, nyanya yangu mzaa mama. Mama alituacha nikiwa darasa la pili. Sina mwingine.

Sasa lile tamasha kubwa la muziki likatangazwa. Mji mzima ukashikwa wazimu! Wateja wanasukwa wakiliongelea, wanalipa wakiliongelea. Sydney, mpenzi wangu, akaniletea tiketi.

Shida ilikuwa siku. Jumamosi! Na bosi wetu, Madam Moraa, Jumamosi haachilii mtu. Ofu ya Jumamosi ni ya matanga peke yake.

Basi nikaandika kwa group ya kazi: "Kukhu wangu ametuacha asubuhi hii. Naomba ruhusa mpaka Jumatatu."

Kwetu mtu hatangazi kifo cha mtu aliye hai, hata kwa mchezo. Nilitaka kuufuta ule ujumbe, lakini watu watano walikuwa wameshaandika pole.

Madam akapiga.

"Gentrix, mama, jikaze. Mnazika lini?"

"Wiki ijayo, madam. Msijisumbue kuja, wazee bado wanapanga."

"Sawa mama. Mungu awatie nguvu."

Nikafurahi, nikaona aibu, nikafurahi tena. Nilikuwa hivyo mpaka Jumamosi.

Saa nane mchana tukaingia uwanjani. Mlangoni nikafungwa ile bangili ya kitambaa ya waliolipa, ile haitoki mkononi bila kukatwa. Simu nilikuwa nimeizima, maanake madam akipiga asikie muziki, nimekwisha.

Na muziki ulikuwa mtamu jamani! Lakini kila wimbo ukiisha, uso wa Kukhu unanijia. Nilitaka kucheza na nilitaka kwenda nyumbani, vyote kwa wakati mmoja.

Saa kumi na moja hivi, simu ya Sydney ikaisha chaji.

"Washa yako tupige picha bwana."

Nikawasha...

Nimepigiwa mara thelathini na nane!

Hata sijameza mate, ikaita tena. Alikuwa Wendy, tunayesuka naye. Nikakimbilia nyuma ya vyoo, nikaziba sikio moja.

"Gentrix, uko wapi?"

"Niko nyumbani. Kwa matanga."

"Hata sisi tuko kwenu."

Nikaibana simu sikioni.

"Kwetu... wapi?"

"Kwenu Kabras! Tumekuja na madam na wasichana wote. Gentrix, Kukhu wako alikuwa hai! Sasa ameanguka, hasemi! Tunamkimbiza hospitali hapa Malava!"

Wasomaji wangu, kuna kitu nilichosahau. Huku kwetu ukifiwa, watu wa kazi hawangoji kuitwa. Wanakuja na sukari, majani ya chai na unga. Na wakikaribia boma wanaanza kulia kutoka barabarani, ili wenye msiba wajue hawako peke yao. Wendy alijua njia. Krismasi alikuja kwetu, akala ingokho, kuku wetu wa kienyeji, mpaka akasinzia kwa kiti.

Kwa hivyo walishukia barabarani, wanawake sita, wote na zile tisheti zetu za waridi, wakaingia kwa boma wakipiga mayowe.

Kukhu alikuwa nje anapepeta maharagwe. Akaona watu wa kazi yangu wanalia. Wamebeba vitu vya matanga. Na mimi simo.

Akanipigia. Simu imezimwa.

Ungekuwa wewe ungefikiria nini?

"Omwana wanje!" Wendy anasema Kukhu alipiga hiyo nduru mara moja. "Mmemwacha wapi? Mtoto wangu mmemwacha wapi?"

Na Wendy alidhani anaona mzimu! Amekuja kumlilia mtu, na mtu huyo anamkimbilia. Kabla apate neno la kusema, Kukhu alikuwa chini.

Nilimrudia Sydney nikilia.

"Kukhu ameanguka! Nipeleke Malava!"

"Si ako na watu? Msanii mwenyewe bado hajapanda, Gentrix!"

Nilimwangalia mara moja tu. Mpaka leo sijamwangalia tena.

Nikarukia boda. Njia nzima nilikuwa naing'ata ile bangili niitoe. Meno yaliuma, fizi zikatoka damu, bangili haikutoka. "Mungu, nichukue mimi," nilikuwa nasema kwa sauti. "Kukhu mwache. Mimi ndiye mwongo." Mtu wa boda akaongeza mwendo.

Hospitalini nikawakuta wote kwa benchi, macho yamevimba. Hakuna aliyeniuliza kitu. Walikuwa wameshaona mkono wangu.

"Ako hai?" nikauliza.

"Daktari yuko naye," Madam Moraa akasema. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi. "Hii ni yako."

Tiketi! Ya lile tamasha!

"Leo nilikuwa nifunge saluni saa sita. Niliwanunulia nyote, nilitaka kuwashtua. Uliposema umefiwa nikawauliza hawa wasichana, tufanyeje? Wote wakasema twende kwa Gentrix. Muziki utarudi mwaka ujao."

Nikakaa sakafuni. Nilitamani anichape. Hakunichapa, aliketi karibu yangu akanishika bega, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

Daktari akatoka. Kukhu ataishi, lakini mkono wa kushoto umelala. Unaweza kuamka, unaweza kukataa.

Nikaingia. Akaninyooshea ule mkono mzima, akanipapasa uso wote, paji, pua, kidevu, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Kumbe uko?"

"Niko, Kukhu. Nisamehe. Nilisema umekufa ndio nipate ruhusa."

Akaigusa bangili.

"Na hii?"

"Ya muziki."

Nikangoja laana.

"Ulicheza?"

"Nilicheza, Kukhu."

"Sasa si ungeniambia nimekufa? Ningejifungia ndani."

Nikalia mpaka muuguzi akaja kuniuliza kama mgonjwa ameaga.

Kazi sikufukuzwa. Heri ningefukuzwa! Kila Jumamosi nasimama kati ya wale wanawake sita, na wananipenda vilevile. Jioni ya Jumapili naenda Kabras, namkatia Kukhu obusuma, ugali wetu, vipande vidogo, maanake mkono bado umekataa.

Usimzike mtu kwa mdomo ili upate raha ya siku moja. Na kama unataka kitu, mwambie anayekupenda ukweli kwanza. Wangu angenikubalia hata kujifanya amekufa.