Nilitoa Ushuhuda Kabla Mwanangu Hajapona

Nina miaka hamsini na moja, mama wa mtoto mmoja, Mkenya ninayeishi mtaa wa Vällingby hapa Stockholm, Uswidi. Kazi yangu ni kutunza wazee. Haya ninayoyaandika nayaonea aibu mpaka leo, na msinihurumie, sitaki.

Mwanangu Baraka alizaliwa hapa hapa. Tangu shuleni alipenda ile futiboli ya kubeba mpira mkononi, ya kofia ngumu na kugongana, mpaka chuo kikuu kimoja cha Kanada kikamchukua akachezee timu yao. Weh! Nilivimba kichwa, jamani... Kanisani mtu akiomba tumwombee goti lake, mimi naingiza Kanada!

Msimu ulipoanza, kila Jumamosi jioni kina mama wa kikundi chetu cha maombi walijaa sebuleni kwangu kutazama mechi. Sheria hatukuzijua hata moja. Mama Furaha, Mkongomani wa mtaa wa Norsborg, alikuwa akiuliza, "Sasa wanamlalia wote kwa nini, mon Dieu?" Tunacheka, tunakula mandazi, na Baraka anakimbia. Nilijiona malkia.

Mechi ya nne akagongwa kichwani. Daktari wa timu akamsimamisha. Kila asubuhi anamwuliza kama kichwa kinauma, kama mwanga unamsumbua. Akijibu ndiyo, hachezi.

Wiki mbili zikapita. Ikabaki mechi moja ya kuamua kama timu itaingia mtoano. Jumapili, wakati wa shuhuda, kiherehere kikanipanda. Nikasimama mbele ya kanisa zima nikasema Mungu amemponya mwanangu, na Jumamosi watamwona uwanjani kwa macho yao! Vigelegele vikalipuka. Nani alikuwa ameniambia amepona? Hakuna! Eti niliita hiyo imani...

Alhamisi Baraka akapiga simu. "Mamma, jag mår inte bra," akasema kwa Kiswidi, kwamba hajisikii vizuri. Kichwa bado kinamgonga, hata kusoma hawezi. Nami niliwaza nini? Nyuso za wale kina mama! Nikamwambia akisema bado anaumwa anamkana Mungu. Amwambie daktari amepona.

"Sawa, Mama," akajibu, kwa Kiswahili.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wangu alisikia la mkuu! Jumamosi, sisi tukiimba sebuleni, akagongwa tena, akaanguka, hakuinuka. Mama Furaha ndiye aliyetunyamazisha. Mimi nilikuwa bado napiga makofi...

Damu ilivuja ubongoni. Walimwokoa huko huko, kisha nikaenda kumleta nyumbani. Hospitalini hapa, daktari akamwuliza mbele yangu kwa nini alificha maumivu. Baraka akasema ulikuwa uamuzi wake mwenyewe. Na mimi je? Nilikaa kimya nimekumbatia mkoba wangu! Mama gani huyo?

Miezi mitatu nilinyamaza, huku kanisani wakinipongeza kwamba mwanangu ameponea chupuchupu. Mwishowe nikashindwa. Nikasimama nikasema yote, Baraka akiwa safu ya nyuma na miwani yake nyeusi. Wengine waliinamisha vichwa. Mama Furaha alilia kwa sauti.

Tukiwa kwenye treni ya kurudi, Baraka akanishika mkono, akasema amenisamehe. Nililia mpaka abiria wakatugeukia.

Kesho yake asubuhi akaja jikoni, akaniuliza mbona hayuko chuoni, kwani nini kilimpata? Kuna siku anakumbuka vizuri, na kuna siku hakumbuki kitu. Kanisa, treni, msamaha, vyote vilikuwa vimemtoka. Ningeweza kumdanganya... haki ya Mungu, nilifikiria! Lakini nikaketi, nikamweleza upya. Akalia upya. Akanisamehe upya. Na mpaka leo ndivyo tunavyoishi. Anauliza, nakiri, ananisamehe, kisha anasahau.

Wazazi wenzangu, nawapigia magoti. Mtoto akikuambia anaumwa, mwamini yeye kwanza, hata kama umeshawatangazia watu mia. Sifa za kanisani huisha watu wakifika mlangoni! Mungu hakunituma niharakishe kazi yake. Ningengoja wiki chache tu, Baraka angekuwa darasani sasa hivi.

Namsikia ameamka, anakuja jikoni. Sijui kama leo ataniuliza.