Kahawa ya Fundi na Maziwa ya Kopo

Kila siku saa kumi jioni, cherehani ya fundi ilinyamaza. Mtaa mzima ulijua maana yake. Fundi alikuwa anakunywa kahawa na mke wake, na mwenye suruali yake angoje.

Walikaa kwenye mlango wa chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa duka la ushonaji. Mkewe aliitwa Mama Pacha kwa sababu ya mabinti zao wawili. Yeye ndiye aliyeleta vikombe, vikubwa, vya bati. Kahawa ilikuwa nzito, ya maziwa, tamu kwelikweli. Walikunywa polepole, wakateta watu kidogo, wakacheka. Miaka ishirini na mbili walifanya hivyo. Hata siku walizonuniana, kahawa waliinywa pamoja, kila mtu akitazama upande wake. Mama Pacha hakuwa mtu wa maneno matamu. Kile kikombe ndicho kilichomwambia mumewe kwamba anapendwa.

Sasa sikia yaliyowapata.

Fundi alianza kukojoa mara kwa mara na kuishiwa nguvu. Akaenda kupimwa, akaambiwa ana kisukari. Akapewa vidonge na kuonywa aache sukari. Jioni hiyo hiyo Mama Pacha alilichukua kopo la sukari akaliweka juu ya kabati. Akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo sukari ni ya watoto tu. Na alilosema alilisimamia, kwa sababu mama yule akisema kitu amesema.

Shida ikawa kahawa. Fundi aliionja bila sukari, akakunja uso, akaisukuma pembeni. Mama Pacha alifikiri usiku mmoja, akapata njia. Zamani alikuwa anatia sukari vijiko viwili na maziwa mazito ya kopo vijiko viwili. Ni yale maziwa yanayomiminika polepole, yanayonata kwenye kijiko. Basi akaondoa sukari, akaongeza maziwa yakawa vijiko vinne, tena vile vikubwa vya kulia chakula. Maziwa ni chakula, maziwa yanajenga mwili, nani asiyejua? Kwenye kopo palichorwa ng'ombe mnene kwenye majani mabichi. Kahawa ikarudi kuwa tamu. Fundi akatabasamu, naye Mama Pacha akajiona amefanya jambo la maana. Asubuhi kikombe kimoja, saa kumi kingine.

Miezi ikapita. Siku moja fundi alikanyaga sindano. Sindano ikivunjika huruka popote, na yeye alikuwa na tabia ya kushona bila viatu ili mguu uisikie vizuri pedeli ya cherehani. Ajabu ni kwamba hakuhisi maumivu yoyote. Binti mmoja ndiye aliyeona damu sakafuni akauliza imetoka wapi. Baadaye waliambiwa kwamba kisukari kikikaa mwilini muda mrefu hupunguza hisia za miguu. Mtu anaumia na hajui kama ameumia.

Kidonda kilikuwa kidogo, chini ya unyayo wa kulia. Lakini hakikufunga. Wiki ikapita, mwezi ukapita, miezi mitatu ikapita. Kikazidi kutanuka.

Cherehani ya fundi haikuwa ya umeme. Ilikuwa ya kukanyaga. Alijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, mishono ikaenda pogo, akalazimika kuifumua. Bila ule mguu wa kulia hakuwa na kazi, na hakuna mtu nyumbani ambaye hakulijua hilo.

Akaenda kliniki na mkewe, na daktari akampima sukari. Ilikuwa juu sana. Alikitazama kidonda kwa muda mrefu, kisha akasema bila kuzunguka:

"Sukari isiposhuka, kidonda hiki hakitapona. Kikifika kwenye mfupa, tutaukata mguu. Njooni baada ya wiki sita, tutaamua."

Akaongeza kwamba wagonjwa wengi hula vitu vitamu kwa siri, halafu wakija kliniki wanakana. Alisema hayo akimtazama fundi. Fundi akajibu kwamba yeye hali. Daktari hakubisha. Aliandika kitu kwenye kadi, akamwita mgonjwa mwingine.

Neno lile lilimwingia Mama Pacha na halikutoka. Akaanza kumchunguza mumewe. Alipofua nguo, alipekua mifuko kwanza. Alikwenda kwa muuza soda wa jirani akamuuliza kama mumewe anapita pale. Muuza soda akasema hajamwona tangu augue mguu. Mama Pacha hakuamini. Alikuwa na hofu, na hofu humfanya mtu awe mkali. Asubuhi moja, mezani, mbele ya mabinti, uvumilivu ukamwishia.

"Baba Pacha, unakula nini nyuma ya mgongo wangu?"

Fundi akaweka kijiko chini. "Sijala kitu, mke wangu. Hata peremende."

"Sukari haipandi kwa upepo. Unataka ukatwe mguu, mimi na watoto hawa tubaki tunakutazama?"

Fundi akainuka, akaenda kukaa kwenye cherehani. Mabinti waliinamisha vichwa. Tangu siku hiyo, ikifika saa kumi, fundi alikunywa kahawa yake pale pale kwenye cherehani, peke yake, mlango akiupa mgongo. Mama Pacha aliumia, lakini hakuacha kumtengenezea. Vijiko vinne kama kawaida. Siku nyingine, akimwonea huruma alivyokonda, alimwongezea na cha tano.

Kulikuwa na muuguzi aliyepita nyumba kwa nyumba kusafisha vidonda. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini na mkoba mzito. Alikuja kwao mara mbili kwa wiki. Siku hiyo, ikiwa ni mwanzo wa wiki ya pili tangu daktari atoe ule muda wa wiki sita, alimaliza kumfunga fundi bendeji, akanawa mikono. Mama Pacha akamkaribisha kahawa.

Muuguzi alikunywa funda moja. Akakishusha kikombe taratibu.

"Mama Pacha, mzee naye anakunywa hii hii?"

"Hiyo hiyo, sista. Wala usiogope, haina sukari hata chembe."

Muuguzi aliomba aonyeshwe jikoni. Akauliza maziwa gani yanatiwa, na vijiko vingapi. Mama Pacha alimweleza yote bila wasiwasi, akamletea na kopo. Muuguzi akaligeuza, akampa.

"Hapa nyuma, kwenye maandishi madogo. Nisomee."

Mama Pacha alikuwa amejifunza kusoma ukubwani. Alizoea kusoma maandishi makubwa, na kwenye kopo lile hakuwahi kutazama kitu zaidi ya ng'ombe. Akalisogeza dirishani. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Maziwa," akasoma. Akasogeza kidole. "Su... ka... ri."

Akarudia kimoyomoyo. Neno halikubadilika.

Muuguzi aliomba kisosi na lile kopo la sukari la juu ya kabati. Akachota kijiko kidogo cha chai, akamwaga kisosini. Akachota tena, na tena, mpaka vikafika kumi. Sukari ikawa chungu cheupe katikati ya kisosi.

"Maziwa haya hupunguzwa maji yawe mazito, kisha yanatiwa sukari nyingi ili yasiharibike," akasema. "Karibu nusu ya kopo ni sukari. Vijiko vyako vinne vikubwa ni sawa na hiki kisosi. Hicho ni kikombe kimoja."

Mama Pacha alikitazama kisosi. Akafikiria kikombe cha asubuhi na kikombe cha jioni, kila siku, kwa mwaka mzima. Akafikiria na kile kijiko cha tano. Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Kumbe ni mimi," alisema. "Ni mimi ninayemuua."

"Hukujua, mama. Wengi hawajui. Lakini mzee bado yuko hai na mguu bado anao. Inuka tupike kahawa."

Alilia kwanza. Muuguzi alimwacha alie, hakumharakisha. Kisha wakawasha jiko.

Muuguzi alimtuma binti mmoja kwa muuza maziwa, alete maziwa freshi ya ng'ombe. Wakayachemsha mpaka yakapanda, wakapunguza moto, wakayakoroga dakika chache zaidi ili vijidudu vife. Yalipopoa kidogo, utando wa mafuta ukajitanda juu. Muuguzi akautoa kwa kijiko, kwa sababu mgonjwa wa kisukari anapaswa kuuangalia na moyo wake.

Kahawa yenyewe, kumbe Mama Pacha alikuwa anaichemsha mno. Ikichemka sana inakuwa chungu kama shubiri, na uchungu huo ndio unaomfanya mtu adai sukari. Safari hii walichemsha maji pamoja na kipande cha mdalasini. Wakaepua, ndipo wakatia vijiko viwili vya kahawa ya unga, wakafunika. Walisubiri hadi unga ulipotulia chini, wakachuja. Nusu kikombe cha kahawa, nusu kikombe cha maziwa ya moto. Mwishowe muuguzi alichukua majagi mawili akaimimina kahawa kutoka juu, jagi hadi jagi, mpaka ikatoa povu.

"Povu linaifanya iwe laini mdomoni," akasema. "Na mdalasini unadanganya ulimi kidogo."

Mama Pacha aliuliza kama anaweza kutia asali, maana asali inatoka kwa nyuki. Muuguzi akasema mwilini asali nayo ni sukari. Na ule unga mweupe wa kutia kwenye kahawa, unaouzwa kwenye vipakiti? Huo mara nyingi si maziwa kabisa, ni mafuta na sukari iliyogeuzwa jina, kwa hiyo asome nyuma kabla ya kununua. Hata maziwa freshi yana sukari yake ya asili, ingawa ni kidogo. Vikombe viwili vya wastani kwa siku vinatosha.

"Vidonge asiache," muuguzi akasisitiza. "Na kesho aje kliniki apimwe, kwa sababu sukari ikipungua ghafla dawa inaweza kumzidi. Ukimwona anatetemeka na kutoka jasho jingi, mpe maji yenye sukari hapo hapo, kisha mlete haraka."

Fundi alipoletewa kikombe cha kwanza, alikunywa kwa shingo upande. Akauliza kama hiyo ni kahawa au adhabu. Mama Pacha alimweleza habari ya kopo, lakini habari ya mifuko aliyoipekua na maneno aliyomtupia mezani, hakuweza. Kila alipofungua mdomo, aliishia kuuliza kama kahawa imepoa. Fundi alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akamaliza kikombe akiwa ameuelekeza uso kwenye cherehani.

Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu. Fundi alilalamika kila siku. Wiki ya tatu alisahau kulalamika. Wiki ya nne binti mmoja alimwonjesha kahawa yake yenye sukari, naye akasema imezidi, inakwangua koo. Mama Pacha alikuwa anamimina maziwa akasikia. Aligeuka upande wa ukuta asionekane macho.

Muuguzi naye alianza kuona mabadiliko kwenye bendeji. Kidonda kilitoa nyama mpya, nyekundu, safi. Kingo zake zikaanza kusogeleana.

Siku ya kliniki ikafika. Walikwenda wote wanne, mabinti wakimshika baba yao huku na huku. Kwenye benchi walisubiri zamu yao. Fundi alikuwa anautazama mguu wake wa kulia kana kwamba anauaga.

Daktari alipima sukari. Akapima tena. Akafungua bendeji, akainama, akakibonyeza kidonda pembeni kwa kidole chenye glavu. Kilikuwa kimepungua zaidi ya nusu.

"Hatukati," akasema. "Endeleeni hivi hivi, kitafunga."

Fundi alifumba macho. Daktari akachukua kadi, na huku anaandika akasema kwa furaha kabisa, "Naona safari hii umeacha vile vitu vya siri, fundi."

Mama Pacha ndiye aliyesimama. Akapiga moyo konde.

"Daktari, usiandike hivyo," alisema. "Mume wangu hakula kitu kwa siri hata siku moja. Sukari nilikuwa nampa mimi, kwa mkono wangu, kwenye kahawa, nikidhani ni maziwa. Halafu nikamwita mwongo mbele ya watoto wake." Akawageukia mabinti. "Baba yenu hakudanganya. Mimi ndiye niliyekosea, na namwomba anisamehe mbele yenu."

Daktari alishusha kalamu. Akaeleza pole pole kwamba na yeye aliwaambia waache sukari, lakini hakuwauliza kahawa wanainywaje. Akamwomba fundi radhi.

Fundi alikohoa. Machozi yalikuwa yanamlengalenga machoni, na hakujaribu kuyaficha.

"Mke wangu nimemsamehe," alisema. "Wewe, daktari, hapo nje kuna watu wamejaa benchi zima. Wake zao nao wana makopo jikoni."

Kidonda kilifunga kabisa mwezi wa nne tangu kahawa ibadilike. Na daktari yule, tangu siku ile, mgonjwa wa kisukari akikaa mbele yake na sukari imepanda, hamwulizi tena anakula nini kwa siri. Humwuliza kwanza, "Kahawa yako unaitia maziwa gani?"