Honda ya Hafidha

Jua lilikuwa linazama na ukungu umeanza kushuka Uluguru pale Pili alipofunga blanketi nyuma ya pikipiki ya Honda kwa ukanda wa mpira. Safari yenyewe haikuwa kitu. Kutoka Mwembesongo, kupita Bigwa, kupanda mlima hadi kwa mama mzazi wa Hafidha, kumpa bibi wa watu blanketi lake kwa ajili ya baridi, kisha kurudi. Anayejua kuendesha angerudi chakula hakijapoa. Tatizo ni kwamba Pili alikuwa na wiki tatu tu za kujifunza, na nyingi kati ya hizo alizitumia kuanguka.

"Acha," Mwinshehe, mumewe, alimwambia kutoka barazani, mguu mbovu kaunyoosha juu ya kigoda. "Kesho nitatafuta mtu wa kumpelekea. Mlima ule si uwanja wa mpira. Hafidha mwenyewe, na ufundi wake wote, ulimsumbua mwezi mzima."

Hapo ndipo alipoharibu. Angesema mvua inakuja, Pili angebaki. Angesema ana njaa, Pili angeingia jikoni. Lakini alitaja jina lile, na jina lile lilikuwa limemjaa Pili kooni miaka miwili.

Akapiga kiki. Ikakataa. Akapiga tena, ikawaka, na Pili akaondoka kwa kurukaruka kama mbuzi aliyekata kamba, watoto wa jirani wakimcheka mpaka alipokata kona.

Hafidha alikuwa mke wa Mwinshehe kabla yake. Alifariki kwa homa ya siku tatu, kitandani, kama wanavyofariki watu wengine. Pikipiki haikumuua, wala mlima haukumuua. Alichoacha nyuma ni sifa. Miaka ile ya ruksa ya biashara ilipoanza, marobota ya mitumba yakamwagika mjini kama mvua, kiwanda alichofanyia kazi Mwinshehe kikapunguza watu naye akiwemo, Hafidha hakukaa kulia. Alinunua Honda nyekundu iliyochoka kutoka kwa mzungu wa mradi aliyekuwa anarudi kwao. Asubuhi alipandisha mitumba mlimani, jioni akashusha ndizi na mananasi. Morogoro nzima ilisimama kumtazama mwanamke juu ya pikipiki, kilemba kichwani, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unasalimia watu.

Waswahili husema mla ni mla leo, mla jana kala nini? Aliyesema hivyo hakuwahi kuolewa katika nyumba aliyoiacha Hafidha. Mke mwenza aliye hai utamnunia, utamsengenya, na siku moja atazidisha chumvi kwenye mboga nawe utacheka chini chini. Marehemu hazidishi chumvi. Marehemu hazeeki, hanuni, haombi hela ya sabuni. Pili alimwonea wivu mwanamke ambaye hakuwahi hata kumwona, na aliona aibu kwa wivu huo, na aibu ikauongeza wivu.

Lililomuuma kuliko yote ni uso wa Mwinshehe. Kila Honda ilipowaka, uso ule ulichanua. Alinyanyua kichwa, macho yakang'aa, midomo ikataka kucheka. Halafu akaona ni nani yuko juu yake... na uso ukajifunga. Yeye mwenyewe hakujua kwamba anafanya hivyo. Pili alijua. Alitaka kitu kimoja tu duniani, uso ule umtazame yeye na usijifunge. Ndiyo maana alikuwa anajifunza kuendesha, si kwa ajili ya mitumba wala mananasi.

Kulikuwa na jambo jingine lililobaki bila kumalizwa. Kwa Waluguru mtu akifa jina lake halizikwi naye. Ukoo wa mama yake hukaa, watani wakaja na maneno yao, na jina akapewa ndugu wa ukoo, mpwa au mdogo wake. Huitwa kwa jina la marehemu mbele ya watu. Akiitikia, basi, amekuwa yeye. Waliomwita marehemu dada watamwita dada. Ukoo wa Hafidha uliteremka mara mbili kuomba ruhusa ya shughuli hiyo, na mara zote mbili Mwinshehe aliwagomea.

"Sitaki kusikia mtu mwingine anaitwa Hafidha," aliwaambia.

Watu walidhani anang'ang'ania Honda, maana mrithi wa jina angeidai. Pili alijua kwamba si Honda. Hivyo jina likabaki hewani, halina mwenyewe, zaidi ya miaka miwili.

Baada ya Bigwa barabara ilianza kupanda. Pili alitia gia ya kwanza, akashikilia hapo hapo, injini ikalia kwa uchungu. Giza lilikuwa linaingia kutoka mabondeni. Taa ya Honda ilikuwa hafifu, inaonyesha mawe mawili mbele na kuyaacha mengine yamshtukize. Jasho lilimtoka viganjani. Ilizima mara moja, akawasha. Ikazima mara ya pili, akawasha huku akitukana. Kwenye kona ya kijito, pale migomba inapoinamia barabara, Honda ikazima mara ya tatu.

Akapiga kiki.

Kimya.

Akapiga tena na tena, mpaka kifundo cha mguu kikamuuma. Hakuna. Kijito kilitiririka pembeni. Chura mmoja alikuwa akilia, akanyamaza. Pili akasikia harufu... mafuta ya nazi yaliyochanganyika na petroli. Akainama kukagua tangi. Halikuvuja.

"Hafidha..."

Sauti ilitoka juu, ndani ya migomba. Sauti ya mwanamke mtu mzima, ya upole, kama ya mama anayemwita mtoto aje kula.

Pili hakujibu. Mtoto yeyote aliyelelewa kando ya mlima ule, naye alilelewa Mzumbe, hujua kwamba wakati wa magharibi huitikii sauti usiyoiona.

"Hafidha. Ni wewe, mwanangu?"

Alijua pia kwamba jina lile halikuwa lake. Aliijua mila. Hakuna aliyemdanganya, na hilo lazima lisemwe ili asionewe huruma kupita kiasi. Lakini alikuwa amechoka. Alifikiria njia yote ile aliyopanda kwa kuburuta miguu, na watoto waliomcheka, na Mwinshehe barazani akisema mlima ulimsumbua Hafidha mwezi mzima, kana kwamba anasoma dua. Akafikiria: kila mtu amelila jina hili, mimi tu ndiye ninayelisikia harufu. Hivi nikilionja mara moja, nani atajua? Niwe yeye kidogo tu. Mpaka juu ya mlima.

"Hafidha?"

"Abee, mama," Pili akaitikia.

Migomba ikatulia. Maji ya kijito yakaendelea kutiririka, ila hayakutoa sauti.

Kisha springi za nyuma zikashuka. Taratibu. Jinsi zinavyoshuka mtu anapopanda siti.

Pili hakugeuka. Hakuweza. Mikono miwili ilipita chini ya makwapa yake ikashika usukani, vidole juu ya vidole vyake. Alitarajia ubaridi. Mikono ile ilikuwa na joto. Ilikuwa na joto la mtu aliyetoka kuosha vyombo. Kidole kimoja kikamgusa cha kwake kwenye klachi, kikamfundisha... hivi... polepole... hivi. Hakuna aliyepiga kiki. Honda ikawaka.

Na ikapanda!

Ilipanda mlima kama inateremka. Gia ya pili, ya tatu. Mawe yaliyomtia hofu yalipita pembeni yakijua njia yao. Pili alisikia pumzi ya mtu shingoni, na la kutisha kuliko pumzi ni kwamba alikuwa anafurahi. Alicheka kwa sauti. Kicheko kilipotoka kilikuwa kinene kuliko cha kwake.

Alipozima injini uani kwa mama yake Hafidha, siti ya nyuma ilikuwa tupu. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, kibatari miguuni, shuka limemfika kidevuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba..." Bibi alinyanyua kichwa haraka. "Nani wewe?"

"Pili. Mke wa Mwinshehe. Nimekuletea blanketi. Umeniita pale kwenye kona, mama?"

"Nikuite kwa miguu ipi? Tangu masika sijavuka uwanja huu." Bibi akashusha sauti. "Umeitwaje?"

Pili akaanza kufungua ukanda wa blanketi.

"Umeitwa jina gani, mwanangu?"

"La... marehemu."

"Ukaitikia?"

Pili akainamisha kichwa. Bibi alifunika mdomo kwa shuka. Kisha akanyoosha mkono, akampapasa Pili shavuni, kwenye nyusi, chini ya sikio, kama anatafuta kitu alichokiweka hapo zamani. Machozi yalimtoka. Pili hakujua kama ni ya hofu au ya furaha, na nadhani bibi mwenyewe hakujua.

"Tulimwambia mumeo," bibi alinong'ona. "Jina la mtu halikai bure. Usipompa mtu, litajitafutia lenyewe. Sasa sikiliza. Lala hapa. Asubuhi nitauita ukoo, watani waje, tulitoe kwako tumpe anayestahili. Limekushika, lakini halijakaa. Ila ukiteremka usiku huu, na yule aliyelizuia akakuita kwa jina hilo, ukamwitikia..." Akatikisa kichwa. "Hapo mimi sitaweza tena. Nasikia mtu huhama mwili wake mwenyewe. Anakwenda wapi, sijui. Hakuna aliyewahi kurudi kutuambia."

"Mama, akiniita nisiitike tu. Si basi?"

"Si basi," bibi alisema. "Kama utaweza."

Pili alitazama ndani. Kitanda cha kamba kilikuwa kimetandikwa. Ukutani kulikuwa na picha ya harusi: Hafidha amekaa, Mwinshehe kasimama nyuma yake, uso umechanua. Alale chini ya picha ile? Mwinshehe ajue kwamba mlima ulimshinda mpaka ikabidi ahifadhiwe kwa mama wa marehemu? Wivu ukampanda kama maziwa jikoni. Alimwachia bibi blanketi, akamshika mikono, akaaga. Bibi alimwita mara mbili kutoka mlangoni kwa jina lake, Pili, Pili. Alisikia kwa mbali sana, akadhani anaitwa mtu mwingine.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, lakini kwa Pili usiku ule hakukuwa na ngoma. Aliteremka kwa mkono mmoja. Pale kwenye kona ya kijito springi zilishuka tena, na safari hii hakushtuka. Alisogea mbele kidogo kumpa mwenzake nafasi.

Mwembesongo walikuwa wametoka kuswali isha. Mwinshehe aliusikia mlio tangu barabara kuu. Haukuwa mlio wa mtu anayejifunza. Alinyanyuka bila fimbo yake, akateremka ngazi za baraza kwa goti lile bovu, akasimama uani, taa ya Honda ikimmulika. Pili akazima injini.

Uso wa Mwinshehe ulikuwa umechanua.

Pili akangoja ujifunge.

Haukujifunga. Ulimtazama, ukamtambua, ukazidi kung'aa. Macho yalimjaa maji. Miaka miwili Pili alikuwa amempikia mtu huyu, amemkanda goti lile kwa maji ya moto, amelala ubavuni mwake, na hakuwahi hata siku moja kutazamwa hivi.

"Hafidha?" Mwinshehe akasema polepole.

Mdomo ulikuwa bado wa kwake. Hilo alilijua vizuri. Angeweza kusema: ni mimi, Pili. Maneno matatu. Angeyasema, na uso ule ungefungwa mbele yake, na usingefunguka tena mpaka kaburini. Aliyashika maneno yale kwenye ulimi. Alikumbuka mkono wa bibi shavuni. Alimtazama mumewe... na akatamani, kwa roho yake yote, asubuhi moja tu ya kutazamwa hivyo.

"Abee," akaitikia.

Mwinshehe akalia. Akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakiegemeza kifuani. "Umechelewa," alisema, "mbona umechelewa hivi," na sauti nene kuliko ya Pili ikacheka na kumjibu kwamba mlima ulikuwa na utelezi.

Pili aliyaona yote hayo. Aliyaona kutoka mahali penye ubaridi, nyuma yao kidogo, usawa wa siti ya Honda. Aliona mkono wa mumewe ukimpapasa mgongo mwanamke aliyevaa gauni lake. Aliona wakipanda ngazi, mwanamke yule akimshika Mwinshehe mkono kwa sababu ya goti. Wivu alioujua ulikuwa mchezo wa watoto. Akafungua mdomo kumwita. Hakukuwa na mdomo.

Taa ikawashwa ndani. Wakaongea mpaka jogoo wa kwanza. Mwinshehe alikuwa na mengi ya kuuliza, kuhusu mlima, kuhusu mama, kuhusu bei ya ndizi. Hakuuliza, usiku ule wala siku zilizofuata, Pili amekwenda wapi.