Sanduku la Vifaa Vikuukuu

Fundi aliingia kula, akamaliza sahani, akasema, "Ahsante, mke wangu. Chakula kitamu."

Mkewe nusura aangushe jagi. Mtaani walimwita Bi Mkali, ingawa mwenye ukali ndani ya nyumba ile alikuwa mume, na tangu waoane hakuwahi kushukuru hata kwa maji ya kunywa. Akajiambia pengine ni furaha ya gari, maana asubuhi ile Fundi alikuwa amefunga rota mpya, vile vyuma vinavyozunguka ndani ya injini.

Gari lenyewe lilikuwa la spoti, jekundu, alilolinunua likiwa bovu kabisa akaliweka kwenye banda la nyuma. Injini yake haikuwa na pistoni. Ndani mlizunguka rota mbili za pembetatu, na tabo ya kusukumia hewa. Alilifufua kidogo kidogo, kila mara akiweka kifaa bora kuliko kile cha kiwandani. Vya zamani hakuvitupa. Mafundi ndivyo walivyo, kikuukuu hakitoki gereji mpaka kipya kizoee kazi, kwa hiyo vyote viliingia kwenye sanduku la mbao.

Akafunga tabo kubwa zaidi, akarudi na kicheko ambacho Bi Mkali hakukijua. Akabadilisha rejeta ya kupozea injini, akaacha kufoka. Kikohozi chake cha miaka kikaisha. Ila jasho lake sasa lilinuka petroli hata akitoka kuoga, na macho yake hayakupepesa. Bi Mkali aliyaona yote hayo, akanyamaza, kwa sababu alikuwa anapendwa, na njaa ya kupendwa alikuwa ameishi nayo muda mrefu.

Mchana mmoja alipeleka chai bandani. Mume hayupo. Akasikia kikohozi, kile kile cha zamani, kikitoka sandukuni, akainua kifuniko na harufu ya mafuta machafu ikampanda puani, na kutoka chini ya rota zilizochimbika na tabo iliyopasuka, sauti ya mumewe, ile ya kufoka lakini sasa imekonda kwa woga, ikamwambia, "Mke wangu, huyo siye mimi, ananitoa kipande kipande, mwite mama, mwite mtu yeyote, usiniache humu."

Bi Mkali alirudisha kifuniko, akaketi juu yake. Aibu ilimchoma uso, lakini hakuinuka.

Hakuita mtu. Mama mkwe ndiye aliyekuja mwenyewe kumsalimia mwanawe, akashikwa mkono na yule asiyepepesa, akakimbilia jikoni kwa Bi Mkali.

"Yule si mwanangu," alinong'ona. Kesho yake alirudi na mganga.

Mganga alilizunguka gari, akanusa, akamvuta Bi Mkali pembeni. "Jini yupo," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini amelivaa jina la mtu. Siwezi kumtoa mpaka mke amkane. Mama peke yake hatoshi. Sema, binti yangu. Yule ni mumeo?"

Mume alisimama mlangoni akiwatazama kwa upole, bila kupepesa. Bi Mkali akamkumbuka yule wa zamani, sahani zikirushwa ukutani, wiki nzima bila kusemeshwa, na akamkumbuka pia akiomba asiachwe mle, na jibu alilijua, lilikuwa limeshafika ulimini, akalimeza.

"Ndiye," akasema. "Ni mume wangu."

Mganga akakusanya vitu vyake, akaondoka. Mama mkwe akamshika mkono. "Nisamehe, mkwe wangu. Uzee huu! Nimemzushia mwanangu mwenyewe."

"Yameisha, mama."

Ndipo sandukuni ikatoka sauti nyembamba. "Mama."

Mama mkwe akageuza kichwa. "Nani huyo?"

Bi Mkali akacheka kwa nguvu, akamkumbatia mabegani, akamsindikiza getini huku akimwaga habari za majirani, zozote zilizomjia, mradi asinyamaze. Nyuma yao mume alianza kupigilia misumari kwenye kifuniko, taratibu, na kila pigo Bi Mkali alipaza sauti zaidi, machozi yakimtiririka bila yeye kujua, mpaka mama mkwe akasimama, akamfuta shavu kwa kiganja chake.

"Unalia nini, mwanangu?"