Kibwagizo cha Mlangoni

Jumamosi ile mchana, jua kali, nilikuwa napinda sketi za shule kwenye cherehani. Binti wa marehemu mdogo wangu, niliyemlea tangu ana miaka minne, alikuwa mezani na kazi aliyopewa na mwalimu: shairi fupi la beti tatu, aeleze muundo na takriri.

"Mama mkubwa, nisaidie basi."

"Mimi? Shule niliiacha njiani. Labda nikupimie hilo shairi kiuno."

Akacheka. Akasoma mshororo unaofunga kila ubeti:

*Nifungulie, dadangu, mvua inanipiga.*

Sindano ikanichoma kidole.

Maneno hayo mdogo wangu aliyasema mlangoni kwangu, alfajiri ya mvua, akiwa mgonjwa. Tulikuwa tumegombana. Nilikuwa kwenye mkeka nasali, nikapaza sauti ya sala ili nisimsikie. Kulipokucha nilimkuta barazani, mwili umeshapoa. Watu niliwaambia sikusikia kitu. Hata mtoto nilimwambia hivyo, Mungu anisamehe.

"Unarudiwa vilevile," akasema, "kwa hiyo ni kibwagizo. Ungebadilika mwishoni ungekuwa kiishio. Ngoja nihesabu mizani."

Akagonga meza kwa kidole, silabi kwa silabi. Nane. Akapumua. Nane.

Akaacha.

Mlango ukagongwa. Mara nane. Kimya. Mara nane.

"Kuna mgeni," akanong'ona.

"Usifungue."

"Kwa nini?"

Nikaanza kusali. Kwa sauti kubwa. Kama siku ile.

Mtoto akafungua. Nje jua tu, na vumbi. Akarudi mezani, akainamia daftari lake alimolinakili shairi. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

"Mama mkubwa. Ubeti wa mwisho umebadilika."

*Nimeingia, dadangu, mvua ilinipiga.*

Akaniangalia.

"Kumbe mama alibisha hodi, ukamsikia?"

Nikamwambia yote. Hakulia. Alikunja nguo zake, akahamia kwa bibi yake, upande wa baba. Hajanipigia simu mpaka leo. Daftari aliliacha.

Mwaka huu mvua haijanyesha hata tone. Lakini kila alfajiri, nikinyanyuka baada ya kusali, kwenye mkeka, kando ya mahali nilipopiga magoti, pana alama mbili za magoti mengine.

Zimeloa.