Sufuria Yenye Uzi wa Manjano

Kijiko kiligonga bakuli upande wa pili wa ukuta. Ting, ting. Kulikuwa bado giza. Sook Han alijigeuza kitandani akatabasamu: jirani yao Zaharah, ambaye yeye alimwita Makcik, yaani shangazi, na bintiye Balqis walikuwa wanakula daku.

Kabla magorofa haya ya Ipoh, Malaysia, hayajajengwa, Wachina walikaa kijiji chao, Wamalei chao, Watamil chao. Sasa wanaishi mlango kwa mlango, na kila jiko linasikia harufu ya jiko la mwenzake. Ndiyo maana Popo, bibi yake Sook Han, alikuwa na sufuria moja iliyotundikwa peke yake, uzi wa manjano umefungwa kwenye mpini wake. Nyama ya nguruwe, ambayo Popo aliipenda sana, haikuruhusiwa hata kuikaribia. Ilikuwa sufuria ya kumpikia Makcik tu.

"Nilipolazwa hospitali," Popo alizoea kusema, "nani alikulisha? Nani alikusuka nywele? Basi usiiguse ile."

Mchana Sook Han alirudi kutoka shule njaa ikimuuma. Popo alikuwa amelala. Sufuria nyingine zote zilikuwa chafu, na zamu ya kuziosha ilikuwa ya Sook Han. Akautazama uzi wa manjano.

"Mara moja tu," alijiambia.

Akachemsha tambi, akakatia soseji ya nguruwe. Aliposhiba aliisugua sufuria mpaka ikang'aa, akaitundika mahali pake.

Jioni nyumba ilijaa harufu ya tui la nazi. Popo alikuwa anakoroga choroko na sukari ya mnazi, ndani ya sufuria ileile. Sook Han akamsogelea.

"Popo, si ungepika kesho?"

"Kwani leo wenzako hawakufunga?" Popo alicheka. "Beba, jua linazama. Na usimwage!"

Balqis ndiye aliyefungua mlango. "Umechelewa wee! Tumbo langu linakutukana tangu adhuhuri."

Makcik Zaharah alipokea sufuria, akaona uzi, hakuuliza kitu. Akapakua bakuli la kwanza, akamsogezea bintiye. Adhana ikaanza. Balqis akachota kijiko.

"Usile!" Sook Han alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Nilipikia soseji humo. Ya nguruwe. Popo hajui!"

Kijiko kilibaki hewani. "We Sook Han!"

Makcik aliondoa kijiko na bakuli. Kisha akampa Balqis tende na maji, naye akafungua saumu, ndipo akaenda kumwita Popo.

Popo alipoelezwa, alijifunika uso kwa aproni. "Zaharah mwanangu, uso wangu niuweke wapi leo?"

"Ubaki nao hapohapo, mama. Njoo ule tende."

Choroko zilirudi kwa Popo. Baada ya sala, Popo alileta udongo safi kutoka kwenye chungu cha vitunguu vyake, na Makcik akaonyesha namna ya kutwaharisha sufuria, upawa, bakuli na kijiko: mara ya kwanza kwa maji yenye udongo, kisha maji matupu mpaka zitimie saba. Sook Han alisugua, Balqis akihesabu.

"Sita! Haya, sita tena, hapa chini umepasahau."

"Mimi siji jikoni kwenu kukagua, Sook Han," Makcik alisema, akimpangusa machozi. "Naona uzi, nakula. Nakula kwa kuwaamini. Sufuria ikiharibika tunaiosha, kama hivi. Lakini ungenyamaza, tungejuaje cha kuosha? Nashukuru umesema kabla mwanangu hajameza."

"Nami nashukuru," Popo akadakia. "Ila lile la kukwepa kuosha vyombo, tutaongea mimi na wewe."

Kesho yake Sook Han aliosha vyombo vyote kabla hajagusa chakula. Jioni Popo alipika choroko upya, naye akazibeba polepole hadi mlango wa pili.

Makcik alipakua. Balqis alishika kijiko, kisha akasita, akamtazama rafiki yake. Adhana ilikuwa imeshaanza.

"Kula," Sook Han akasema, "sufuria ni safi." Balqis akachota, akala.